Ukucha wa Shetani: Kutoka Mchanga wa Kalahari hadi Maduka ya Dawa ya Ulaya

Makala hii inafuata safari ya mzizi mmoja mchungu kutoka mchangani hadi dukani, na kuuliza ni nani hasa anayefaidika nao njiani.

Mtu anayeingia katika duka la dawa nchini Ujerumani na kulalamika kwamba magoti yanamuuma kila anapoamka asubuhi, huenda akaonyeshwa kisanduku kilichoandikwa Teufelskralle, yaani ukucha wa shetani. Ndani yake mna vidonge vya rangi ya kahawia ambavyo havihitaji cheti cha daktari. Wazee wa Kijerumani wanavifahamu vyema, na miongoni mwa wateja wamo pia watu wa Afrika Mashariki waliozeekea ugenini, ambao majira ya baridi ya Ulaya hayawaonei huruma wanapokuwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Si ajabu mteja wa aina hiyo kudhani kwamba anauziwa mitishamba ya Kizungu, iliyochumwa katika mabonde ya milima ya Alps. Sivyo hata kidogo. Mmea huo asili yake ni kusini mwa Afrika, katika mchanga wa Kalahari, na sehemu kubwa kabisa ya mizizi inayouzwa duniani huchimbwa katika nchi moja tu, nayo ni Namibia. Botswana na Afrika Kusini hufuatia kwa mbali.

Mmea wenyewe hauna makuu. Mvua zinaponyesha hutambaa juu ya mchanga kwa vitawi vinavyofika urefu wa mita moja na nusu, ukachanua maua ya zambarau yenye koo la manjano. Kiangazi kinapoingia hunyauka na kutoweka juu ya ardhi, asijue mpita njia kwamba chini ya nyayo zake mna kitu. Jina lake la kutisha limetokana na tunda, ambalo ni gumu kama mti na limezungukwa na kulabu ndefu zilizopinda. Kulabu hizo hunasa miguuni mwa wanyama, na ndivyo mbegu zinavyosafiri. Mchungaji ambaye kondoo wake amechechemea siku nzima kwa sababu ya tunda hilo hawezi kulaumiwa kwa kulinasibisha na Ibilisi. Wataalamu wa Ulaya waliupa mmea huo jina la Harpagophytum, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ndoano. Watswana, ambao wameishi nao vizazi na vizazi, wanauita sengaparile. Huenda ikamfurahisha msikilizaji wa Lindi au Mtwara kusikia kwamba mmea huu ni wa jamaa moja na ufuta, na akiyatazama maua ya mimea yote miwili hatahitaji mtaalamu wa kumwonyesha udugu wao.

Dawa iko chini. Mzizi mkuu huzama wima ardhini, wakati mwingine hadi mita mbili, nao ndio uhai wa mmea. Kutoka kwake hutokeza kando viazi vitoto, vinavyohifadhi maji na chakula kwa ajili ya miezi ya ukame. Hivyo vitoto ndivyo vinavyotafutwa, kwa kuwa vimebeba kiasi kikubwa zaidi cha dawa kuliko mzizi mama, na mmea unaweza kuvipoteza ukaendelea kuishi. Mzizi mama ukikatwa, mmea umekufa. Msikilizaji aliweke jambo hilo akilini, maana litarejea.

Wasan, Wanama na Watswana walikuwa wakiutumia mzizi huu muda mrefu kabla haujaandikwa katika kitabu chochote. Waliuchemsha na kunywa maji yake kwa ajili ya homa, kwa tumbo lisilosaga chakula na kwa maumivu ya kila namna. Waliusaga wakaupaka kwenye vidonda na majipu. Uchungu wake ni mkali, mfano wa mwarobaini.

Namna ujuzi huo ulivyotoka Kalahari ni kisa kisichopendeza. Mwanzoni mwa karne ya 20 Namibia ya leo ilikuwa koloni la Ujerumani, kama ilivyokuwa Tanzania Bara, na katika miaka ileile ambayo Vita vya Majimaji vilikuwa vikipiganwa kusini mwa Tanzania, majeshi ya Kijerumani yalikuwa yakiwaangamiza Waherero na Wanama. Hayo yalikuwa kati ya mwaka 1904 na 1908, na serikali ya Ujerumani haikukubali kuyaita mauaji hayo kuwa ya kimbari hadi mwaka 2021. Simulizi inayorudiwa katika maandishi ya Kijerumani kuhusu mitishamba inaeleza kwamba katika siku hizo za vita Mjerumani mmoja aitwaye G. H. Mehnert alimwona mganga wa kienyeji akimponya majeruhi ambaye madaktari walikwisha mkatia tamaa. Mganga alikataa kuutaja mzizi alioutumia. Mehnert, inasemekana, akamtumia mbwa kunusa mahali palipofukuliwa, na hivyo akaupata. Mbwa huyo awe alikuwapo kweli au awe ametiwa chumvi na wasimulizi, kiini cha kisa hakibadiliki: mwenye siri alikataa kuitoa, na siri ikachukuliwa. Jina la Mehnert limehifadhiwa. La mganga halitajwi.

Kutoka hapo mzizi ulikwenda polepole. Mtaalamu wa mimea Otto Heinrich Volk aliutambulisha kwa wanasayansi wenzake wa Ujerumani. Mwaka 1958 mtafiti Zorn wa mji wa Jena alieleza jinsi ulivyopunguza uvimbe wa viungo katika panya wa maabara. Na kuanzia mwaka 1962 vipande vikavu vikaanza kusafirishwa kwa biashara. Katika miaka hiyo hiyo ya sitini wanakemia walitenga ndani yake kemikali iliyopewa jina la harpagosaidi, ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha ubora wa mzizi sokoni. Kanuni rasmi ya dawa ya Ulaya inadai kwamba mzizi mkavu uwe na harpagosaidi isiyopungua asilimia 1.2.

Kabla ya kuuliza iwapo dawa hiyo inafaa, inapasa kueleza uvimbe wenyewe ni nini. Kiungo kinapojeruhiwa, au gegedu lililo kati ya mifupa linapolika, mwili hupeleka damu na chembe za kinga mahali hapo. Pakawa pekundu, pakawa pa moto, pakavimba na kuuma. Huo ni ulinzi, lakini ulinzi usiojua kukoma hugeuka kuwa maradhi. Dawa za kisasa kama ibuprofeni na diklofenaki huvizuia vimeng'enya vinavyotengeneza kemikali za kuchochea uvimbe. Taabu ni kwamba vimeng'enya vya ukoo huohuo ndivyo vinavyolinda utando wa tumbo, na ndiyo sababu mzee anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya goti anaweza kuishia na vidonda vya tumbo. Dawa ambayo ingetuliza goti bila kuliumiza tumbo imekuwa ikitafutwa na viwanda kwa miongo mingi, na mzizi wa Kalahari uliingia sokoni ukiwa na sifa hiyo mdomoni mwa wauzaji.

Maabara zimeonyesha kwamba unga uliokamuliwa kutoka mzizi huo hupunguza utengenezaji wa baadhi ya kemikali za uvimbe. Lakini harpagosaidi ikitengwa peke yake haifanyi kazi sawasawa na mzizi mzima, na katika majaribio mengine ya wanyama nguvu ya dawa ilipungua ilipokutana na asidi kama ile iliyomo tumboni. Kwa maneno mengine, kemikali inayotumiwa kupima ubora si lazima iwe ndiyo inayoponya. Mganga wa Kalahari, aliyechemsha mzizi mzima, asingeshangazwa na habari hiyo.

Kwa upande wa wagonjwa, namba zinastahili kusikilizwa kwa utulivu, kwa sababu ndipo matangazo ya biashara na ukweli vinapoachana. Mwaka 1999 daktari wa Kijerumani Sigrun Chrubasik na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 197 wa maumivu ya mgongo, waliogawanywa katika makundi matatu kwa kura, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa nini. Kundi moja lilimeza vidonge vitupu, la pili dozi ndogo yenye miligramu 50 za harpagosaidi kwa siku, la tatu dozi ya miligramu 100. Katika wiki ya nne walihesabiwa wale waliokaa angalau siku tano bila maumivu na bila dawa ya akiba. Walikuwa watatu katika kundi la vidonge vitupu, sita katika kundi la dozi ndogo, na 10 katika kundi la dozi kubwa. Idadi inapanda kadiri dozi inavyopanda, na hiyo ni dalili njema ambayo mtafiti yeyote huifurahia. Lakini msikilizaji na atazame upande wa pili wa hesabu: katika kundi lililofaulu kuliko yote, zaidi ya watu 50 hawakufikia hatua hiyo.

Mwaka 2000 watafiti wa Kifaransa waliwafuatilia kwa miezi minne wagonjwa 122 wenye gegedu lililolika la goti au nyonga, wakilinganisha unga wa mzizi na dawa moja ya kiwandani iliyokuwa ikitumika Ufaransa. Waliopewa mzizi walipata nafuu isiyopungua ya wenzao, na mwishoni walihitaji dawa za ziada za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Kisha mwaka 2003 Chrubasik aliulinganisha mzizi huo na Vioxx, dawa iliyokuwa ikisifiwa wakati huo kuwa ndilo jibu la kisasa kwa baridi yabisi. Wagonjwa walikuwa 88, muda ulikuwa wiki sita, na tofauti kubwa haikuonekana. Septemba mwaka uliofuata kampuni ya Merck iliiondoa Vioxx katika masoko ya dunia nzima, baada ya kubainika kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Wauzaji wa mitishamba walishangilia. Hata hivyo, jaribio la watu 88 ni dogo mno kuthibitisha kwamba dawa mbili zinalingana, na wataalamu wa mtandao wa Cochrane, waliopima ushahidi wote mwaka 2006 na tena mwaka 2014, walisema jambo la wastani: kwa muda mfupi mzizi huo unaelekea kupunguza maumivu ya mgongo kuliko kidonge kitupu, lakini majaribio makubwa zaidi na bora zaidi yanahitajika.

Kwa nini basi majaribio hayo makubwa hayakufanywa, na dawa imeuzwa kwa zaidi ya nusu karne? Jibu liko kwenye fedha. Kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa kwa miaka kunagharimu mamilioni ya euro, na kampuni hukubali kutoa kiasi hicho pale tu inapokuwa na hataza, yaani haki ya kuuza peke yake kwa miaka kadhaa. Mzizi unaoota wenyewe mchangani, na ambao habari zake zilikwisha chapishwa zamani, hauwezi kupewa hataza hiyo. Kampuni ikilipia utafiti, jirani yake atauza mzizi uleule bila kulipia chochote. Namna fulani ya kukamua inaweza kulindwa, lakini mzizi hauwezi.

Badala ya kuthibitisha, viwanda vimepewa mlango mwingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inaruhusu dawa ya mitishamba isajiliwe kwa msingi wa mapokeo, bila majaribio mapya kwa wagonjwa, mradi iwe imetumika kwa miaka 30 bila kuleta madhara. Na katika miaka hiyo 30, angalau 15 lazima iwe ndani ya Umoja wa Ulaya. Hapa inafaa kutafakari kidogo. Wasan wanaweza kuwa wameutumia mzizi kwa karne nyingi, lakini karne hizo peke yake hazitoshi kuupatia kibali; kinachokamilisha hesabu ni miaka 15 ya mabibi na mabwana wa Munich na Lyon. Mapokeo ya kisheria ya ukucha wa shetani, kwa hiyo, yanaanza pale ulipofika Ulaya.

Na kibali chenyewe kina mipaka ambayo mnunuzi anapaswa kuijua. Mamlaka ya dawa ya Ulaya inautambua mzizi huu kwa maumivu madogo ya viungo, na kwa kukosa hamu ya chakula na tumbo kujaa gesi. Kiungo kilichovimba, kikawa chekundu na mtu akawa na homa, si cha kutibiwa kwa kisanduku hiki; hicho ni cha kupelekwa kwa daktari mara moja. Mwenye vidonda vya tumbo haambiwi autumie, licha ya sifa zote za wauzaji. Mjamzito, mama anayenyonyesha na kijana chini ya miaka 18 hawashauriwi, na mwenye mawe katika kibofu cha nyongo aulize kwanza. Kuharisha ni malalamiko ya kawaida. Aidha, kwa wale wanaoishi Ujerumani, tangu mwanzo wa mwaka 2004 mifuko ya bima ya afya haiwalipii watu wazima dawa nyingi zisizohitaji cheti, kwa hiyo gharama hutoka mfukoni.

Sasa turudishe macho mchangani. Uchimbaji hufanyika katika miezi ya ukame, baada ya mmea kutoa mbegu, kwa kawaida kati ya Machi na Oktoba. Wachimbaji, wengi wao Wasan na wanavijiji wengine wa mashariki na kaskazini-mashariki mwa Namibia, hutembea masafa marefu juani wakiyatafuta majani yanayotambaa. Huchimba kandokando ya mmea kwa uangalifu ili wasiuguse mzizi mama, wakavitoa viazi vitoto, kisha wakalifukia shimo. Viazi hukatwakatwa vipande vyembamba kwa kisu kisafi na kuanikwa juu ya wavu, visiguse mchanga. Vikikaa bila kukauka vyema huota ukungu, na mnunuzi atavikataa au atashusha bei. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kiazi kibichi ni maji, gunia zito linaloletwa kambini hugeuka kuwa kitu kidogo sana siku kadhaa baadaye. Kwa baadhi ya kaya, fedha hizo ndizo pekee taslimu zinazoingia kwa mwaka: ndizo unga wa mahindi, ndizo ada na sare za shule, ndizo blanketi.

Hesabu moja rahisi inatosha kuonyesha thamani ya kilicho ndani ya gunia. Kilo moja ya mzizi mkavu wenye kiwango cha chini kinachodaiwa Ulaya ina gramu 12 za harpagosaidi. Kwa dozi ndogo ya miligramu 50 kwa siku, na kama kisingepotea chochote kiwandani, kilo hiyo moja ingemhudumia mgonjwa mmoja kwa siku 240, yaani karibu miezi minane. Mwaka 2002 Namibia ilisafirisha zaidi ya tani 1,000. Msikilizaji anayenunua visanduku hivyo na alinganishe mwenyewe bei ya miezi minane ya vidonge na kilo moja ya vipande vikavu vinavyouzwa kandokando ya barabara ya vumbi. Ni kweli kwamba kati ya vituo hivyo viwili kuna kusafirisha, kupima, kukamua, kufungasha, kodi na faida ya mwenye duka, na hakuna hata kimoja kinachofanyika bure. Lakini karibu vyote vinafanyika nje ya Namibia. Nchi inayotoa mzizi kwa sehemu kubwa imeendelea kuuza vipande, na ufundi wa kuvigeuza dawa umebaki Ulaya.

Je, wenye ujuzi wa asili hawawezi kudai sehemu yao? Mfano wa mmea mwingine wa jangwa hilohilo unaeleza ugumu uliopo. Wasan walikuwa wakitafuna shina la hoodia ili kukata njaa na kiu wanapokuwa mawindoni. Taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, iliichukulia hataza kemikali ya mmea huo katikati ya miaka ya tisini, na haki zikauzwa kwa kampuni za nje zilizoota ndoto ya dawa ya kupunguza unene. Wasan walipopata habari walikuwa na mtu wa kumshika: kulikuwa na hataza, na hataza ilikuwa na mwenyewe. Mwaka 2003 walitia saini makubaliano ya kugawana mapato na CSIR, na yakasifiwa duniani kote. Kwa bahati mbaya dawa yenyewe haikufanikiwa. Pfizer ilijiondoa mwaka huohuo na Unilever ikafuata mwaka 2008, hivyo fedha zilizofika zilikuwa kidogo kuliko matumaini.

Ukucha wa shetani ni kinyume chake. Hapa fedha zipo kweli, ila hakuna wa kumshika. Siri ilitoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa mganga asiye na jina. Hakuna hataza moja iliyobeba ujuzi wake, hakuna kampuni moja iliyouchukua, na mipaka ya jamii zilizoufahamu mzizi imeingiliana. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka anayetumia mimea na ujuzi wa jamii apate ridhaa yao na agawane nao faida, na Namibia ilitunga sheria yake ya namna hiyo mwaka 2017. Hata hivyo, ni vigumu mno kuitumia mikataba hiyo kuudai ujuzi uliokwisha tapakaa vitabuni kabla ya wabunge waliotunga sheria kuzaliwa. Kinachobaki mikononi mwa wachimbaji ni mzizi wenyewe: nani ana ruhusa ya kuuchimba, vipi, na kwa bei gani.

Ndiyo maana mabishano juu ya kuulinda mmea huu yamekuwa makali. Namibia iliuweka katika orodha ya mimea inayolindwa tangu mwaka 1977, na vibali vya kuchimba na kusafirisha vinahitajika. Aprili mwaka 2000, katika mkutano wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, uliofanyika Gigiri, Nairobi, mtoa hoja alikuwa Ujerumani, yaani mnunuzi mkubwa mwenyewe. Ilitaka biashara ya mzizi iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kwa hofu ya kumalizwa. Nchi zinakoota zilipinga: takwimu hazikutosha, zilisema, na wanunuzi wakitishika watakaoumia kwanza ni maskini wanaochimba. Hoja iliondolewa. Kila upande ulikuwa na haki yake. Mmea huu hustahimili hata malisho yaliyochoka, lakini haustahimili pupa. Bei ikipanda ghafla huja wachimbaji wageni wasio na uhusiano na ardhi ile, na ambaye hatarudi mwakani hana sababu ya kuuhurumia mzizi mama.

Wasikilizaji wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaufahamu uchungu huo kwa mti wao wenyewe. Prunus africana, mti wa misitu ya milimani, gome lake lilianza kutafutwa na viwanda vya Ufaransa katika miaka ya sitini kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume la wazee. Gome likichunwa nusu, mti hupona. Likizungushwa lote, mti hufa umesimama. Magome yalichunwa kwa wingi katika nchi kadhaa, Kamerun ikiwa mbele, hata mti ukaingizwa katika orodha ya CITES mwaka 1995, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha kwa muda kupokea magome kutoka Kamerun. Mtu aliyekuwa akiishi kwa gome hilo alijikuta siku moja hana mnunuzi, na msitu wake ulikuwa umekwisha punguka.

Wanamibia wamejaribu njia nyingine. Kilimo cha mmea huu kimejaribiwa mara nyingi, lakini mbegu zake ni kaidi kuota, na hata kama kingefaulu kingemnufaisha mwenye shamba lenye maji badala ya Msan asiye na ardhi. Kwa hiyo si kila mtu anakiombea mafanikio. Kilichozaa matunda zaidi ni jambo la kawaida kabisa. Mwishoni mwa miaka ya tisini, katika mkoa wa Omaheke, shirika la CRIAA SA-DC lilianza kufanya kazi na wachimbaji waliokubali kuhesabu mimea kabla ya msimu, kujiwekea kikomo cha magunia, kuacha mizizi mama na kufukia mashimo, na kwa upande wao wakauza moja kwa moja kwa msafirishaji kwa bei waliyoafikiana mapema, bila mlanguzi. Katika hifadhi ya Bwabwata, kaskazini-mashariki, chama cha wakazi cha Kyaramacan, ambacho wengi wa wanachama wake ni Wakhwe, kilifuata njia inayofanana na hiyo, na mizizi yao ikapata hati ya kuwa zao lisilotiwa kemikali, jambo ambalo wanunuzi wa Ulaya hulilipia.

Mpango wa namna hiyo unasimama au kuanguka kwa shimo. Mchimbaji aliyekata mzizi mama ana gunia zito zaidi jioni hiyo, na vipande vikishakauka na kuchanganywa ghalani, mnunuzi aliye Hamburg hana njia rahisi ya kujua vilichimbwa vipi. Anayeweza kujua ni jirani, atakayepita mahali hapo baada ya mvua za kwanza, atazame kama mchanga umesawazishwa na kama majani yameanza tena kutambaa.